Anakubali au Anakubeza? Mwongozo wa Kuitikia kwa Kiingereza

Mwenzako wa kazi aliyeko London amelalamika kwamba hesabu za kufunga mwaka zimemnyima usingizi. Ukamwambia kwamba hata huku Dar es Salaam watu hawalali. Akajibu, "Tell me about it." Basi ukaanza kumsimulia: uliamka saa ngapi, faili lipi liligoma kufunguka, nani alikosea kujumlisha. Hakuwa ameomba masimulizi. Alikuwa amekubaliana nawe kabisa, kwa namna ya "unaniambia mimi?" Kesho yake ukamwahidi meneja wake kwamba ripoti nzima itafika Ijumaa, naye akasema, "Yeah, right." Neno la kwanza ni ndiyo, la pili ni sahihi. Ukamshukuru. Kumbe umebezwa.

Kiingereza kimejaa mitego ya namna hii, na kamusi haikuokoi, kwa sababu kila neno lililomo ndani ya kauli hizi unalijua tangu darasa la nne. Wala si kwamba kejeli ni ngeni kwetu. Ukiambiwa "haya, wewe ndiye unayejua," huendi nyumbani ukijisifu kwamba umesifiwa. Watu waliokua wakisikiliza mipasho ya taarabu hawana la kufundishwa na Mwingereza kuhusu kumchoma mtu huku unatabasamu. Kinachotuponza ni kwamba dalili tunazozitegemea kwetu hazipo kule, na mazoea yetu mengine ya upole yakivukia upande wa pili husikika kama dharau.

Kwa hiyo una kazi mbili: kujua umekubaliwa au umebezwa, na kuhakikisha wewe mwenyewe ukikubali kwa dhati unaaminiwa.

Shika kwanza jambo moja litakalokufaa kuliko orodha yoyote ya kauli. Kejeli hupenda kauli tupu. Mtu anayekubali kwa dhati huwa na la kuongeza: sababu, mfano, au hatua inayofuata. Anayebeza hurusha neno akanyamaza, maana neno lenyewe ndilo pigo, na pigo likifuatiwa na maelezo hupoa. Soma "Great." peke yake, kisha soma "Great, that gives us time to check the figures before Monday." La kwanza linaweza kuwa furaha na linaweza kuwa ghadhabu. La pili halina pa kufichia kejeli. Ukitaka kuaminiwa, usitafute neno kubwa zaidi la kukubali. Taja kile unachokikubali.

Shuleni tulifundishwa kinyume chake. Mwalimu alipanda ngazi ubaoni kutoka "I agree" hadi "I totally agree" hadi "I couldn't agree more," nasi tukaamini kwamba wa juu kabisa ndiye mwenye adabu kuliko wote. Kwa mjumbe anayeunga mkono hoja nzito, "I couldn't agree more" ni sawa kabisa. Lakini mtu akipendekeza kikao kisogezwe mbele kwa dakika kumi, nawe ukaitikia "I couldn't agree more, what a wonderful idea," atakutazama mara mbili. Uzito wa maneno umezidi uzito wa jambo, na pengo hilo ndilo ambalo sikio la Mwingereza hulitafuta linapohisi kejeli. Kwa jambo dogo, "Yes, that works for me" inatosha na inasadikika.

Nimeombwa, nimeulizwa, au nimeambiwa?

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu bila kujua, na ndiyo sababu nitakaa kidogo.

Chukua "of course." Tumeijua kama "bila shaka," na bila shaka kwetu ni jibu la heshima, la mtu aliye tayari. Sasa uko kwenye usaili kwa njia ya video. Mwajiri anauliza, "Have you used Excel before?" Unajibu kwa uchangamfu, "Of course." Unachotaka kusema ni kwamba asiwe na wasiwasi. Anachosikia ni "swali gani hilo, nani hajui Excel?" Hujakusudia kumkejeli, lakini amekejeliwa. Jibu hilohilo, kama angekuwa amekuomba, "Could you send us your certificates?", lingekuwa zuri kuliko yote. Kwa ombi, "of course" ina maana kwamba hukuhitaji hata kuomba. Kwa swali, ina maana kwamba hukupaswa hata kuuliza.

"Sure" nayo ina nyuso mbili, ila mpaka wake uko mahali pengine. Ukiombwa kitu, "Sure" ni ukarimu wa kila siku, na Wamarekani huitumia hata kumjibu aliyesema asante. Lakini mtu akikuambia jambo kama dai, "I read the whole contract last night," ukamjibu "Sure," umemwambia humwamini. Ndiyo ile "haya bwana" yetu, tena ile ya kutazama pembeni. "Right" hufanya hivyohivyo: ukielekezwa njia, "Right" ni nimekuelewa, ukisimuliwa mafanikio ya mtu, "Right" kavu ni shaka tupu. "Obviously," "clearly" na "naturally" ziweke kundi moja na "of course," na katika usaili ziache kabisa.

Kwa hiyo kabla ya kuitikia jiulize: hapa nimeombwa, nimeulizwa, au nimeambiwa? Ukiombwa, kauli fupi za kukubali ni salama. Ukiulizwa, jibu swali: "Yes, I use it every week for the stock reports." Ukiambiwa jambo na unaliamini, onyesha kwamba limekufikia: "Good, so you saw the clause about penalties."

Kuna mtego mwingine jirani na huu ambao hauhusu kejeli hata kidogo, ila matokeo yake hufanana nayo. Kwetu ukiulizwa "Hujapata faili?" nawe kweli hujalipata, wengi hujibu "Ndiyo," maana unakubaliana na alivyosema. Kiingereza hakijali alivyosema muulizaji. Kinatazama tendo lenyewe. "Didn't you get the file?" hujibiwa "No, I didn't." Ukijibu "Yes" ukanyamaza, atadhani unalo, na wiki ijayo atakuuliza kwa sauti nyingine. Vilevile "Do you mind if I record this meeting?" ni swali la kama itakukera. Kukubali hapo ni "No, not at all." Anayejibu "Yes, of course" kwa tabasamu pana anamwacha mwenzake kidole kikiwa hewani juu ya kitufe.

Kauli zinazokubali kwa ukali

Turudi kwenye "Tell me about it." Ina ndugu zake: "You're telling me," "You can say that again," "Don't I know it," "I'll say," na "Too right" ambayo utaisikia sana kwa Waaustralia. Zote zinakubali kwa dhati. Wanafunzi wa Kiingereza huzisikia kama changamoto au amri, wengine hata hurudia walichosema kwa kuwa wameambiwa "You can say that again." Usirudie. Cheka kidogo au ongeza la kwako, mazungumzo yaendelee.

Utazitambua kwa mazingira yake: mara nyingi ni malalamiko ya pamoja. Foleni, bei, joto, mtandao unaokatika, wakubwa wasiojibu barua pepe. Msemaji anasema kwamba na yeye yamemfika. Ndiyo maana hupaswi kuzitumia kwa jambo ambalo halijakufika. Mama wa mapacha wa miezi mitatu akisema amechoka, nawe huna hata mtoto wa kumlea, ukimwambia "Tell me about it" hutaeleweka kama mwenzi wa safari. "I can imagine" ni nafuu, na "That sounds exhausting" ni bora zaidi.

Je, mtu akitaka kweli usimulie? Basi ataongeza swali: "So tell me about it, what happened?" Sauti ikishuka na kukomea kwenye "it," hajauliza kitu.

Hapa nichomeke jambo la nyumbani. Wakenya na Waganda hukubaliana kwa Kiingereza kwa kusema "Imagine!", na kwa Afrika Mashariki nzima ni kauli yenye joto. Mwingereza ambaye hajaishi huku atasubiri umalizie sentensi: nifikirie nini? Si kosa, na mimi siwezi kumshauri mtu aiache. Itumie kwa wanaoijua.

Zinazobeza zikiwa zimevaa kukubali

"Yeah, right" ndiyo kinara. Ukiisikia imesimama peke yake baada ya wewe kudai, kuahidi au kujisifu, ichukue kwamba hukuaminiwa. Lakini isikilize vizuri: ikiwa imeunganishwa na maneno yanayoendelea, kama "Yeah, right, so the next step is the budget," hiyo ni kukubali tu. Tena ile kanuni ya utupu.

Nyuma yake zinafuata "If you say so" na "Whatever you say." Hizi zinasalimu amri bila kukubali. Anayezisema ameamua kwamba kubishana nawe ni hasara ya muda. "As if" na "I bet" hubeza waziwazi, ingawa "I bet" nayo ina siku zake za dhati: ukisema umechoka baada ya safari ya saa kumi na nane, "I bet you are" ni huruma. "You don't say" zamani iliweza kuwa mshangao wa kweli. Leo mara nyingi inakuambia kwamba umesema jambo linalojulikana na kila mtu. Waachie waigizaji wa sinema za zamani. "No kidding" inakwenda pande zote mbili, na "Good for you" pia: aliyefaulu mtihani akiambiwa hivyo amepongezwa, lakini aliyejigamba kwamba yeye hatazami televisheni akiambiwa hivyo amefungwa mdomo.

Halafu kuna kundi ambalo si kejeli, wala si kukubali, na kwa mtu wa ofisini ni la hatari kuliko yote. "Fair enough" humaanisha kwamba nimeelewa unakosimama na sitaendelea kubishana. Haimaanishi kwamba umenishawishi. "I hear what you're saying" ni mbaya zaidi: kwa Mwingereza hutangulia "lakini," hata kama hiyo lakini haitamkwi. "With respect" hufungua mlango wa pingamizi. Meneja wa mradi anayetoka kikaoni akiwa amekusanya "I hear what you're saying" tatu na kuripoti kwamba wafadhili wameafiki, ataumbuka siku ya kusaini. Uliza wazi: "So can we go ahead?" Jibu la swali hilo ndilo la kuandika kwenye kumbukumbu za kikao.

Kurudia na kuvuta

Kiswahili hupenda kurudia. "Sawa sawa" ni laini kuliko "sawa," "haya haya" huharakisha jambo bila ugomvi, na "ndiyo ndiyo" ya mzee anayekusikiliza ni baraka. Tukizungumza Kiingereza tunabeba mazoea hayo: "Yes yes," "okay okay," "sure sure." Kwa sikio la Mwingereza au Mmarekani, neno la kukubali likirudiwa mara nyingi husikika kama mtu aliyechoka kusikiliza na anayetaka umalize uende zako. "Yeah, yeah" ni karibu kutukana.

Kuna kisa maarufu kati ya wanafalsafa kuhusu hilo. J. L. Austin wa Oxford, aliyefariki mwaka 1960, husimuliwa kuwa alikuwa akihutubia New York na akasema kwamba katika lugha nyingi kanusho mbili hufanya kubali, lakini hakuna lugha ambamo kubali mbili hufanya kanusho. Kutoka kwenye viti vya wasikilizaji, Sidney Morgenbesser, mwalimu wa falsafa wa Chuo Kikuu cha Columbia, akaitikia kwa uvivu: "Yeah, yeah." Wengine husimulia kwamba alisema "Yeah, right." Kwa vyovyote vile, hoja ya Austin ilizikwa palepale, na aliyeizika hakutumia hata neno moja la kukanusha.

Basi katika Kiingereza kubali mara moja. Ukijisikia kurudia, badala yake taja jina la jambo: "Yes, the invoice, I'll send it today." Kurudia "no" ni habari nyingine, "No, no, please sit down" ina adabu yote.

Kuvuta sauti nako hutuponza. Kwetu irabu ikivutwa huongeza ukubwa au hisia: mbaaali, sanaaa, sawaaa. Kiingereza kikivuta neno la kukubali huligeuza. "Suuure" na "Riiight" si kukubali kwa wingi. Ni kutokuamini kwa wingi. Patricia Rockwell, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 2000 uchunguzi kuhusu sauti ya kejeli, na muhtasari wake uko kwenye jina lake: chini zaidi, polepole zaidi, kwa nguvu zaidi. Ukisikia mtu ameshusha sauti, amevuta, na ameegemea neno moja kwa mkazo, tega sikio. Nawe ukitaka kuaminiwa fanya kinyume: sema kwa mwendo wako wa kawaida na acha sauti ipande kidogo.

Lakini usiitegemee sauti pekee. Mwaka 2006 Joseph Tepperman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walijaribu kuifundisha kompyuta kutambua "yeah right" ya kejeli kutoka kwenye mazungumzo ya simu yaliyorekodiwa. Sauti peke yake haikutosha. Yaliyoizunguka kauli, kama vile kicheko na mahali ilipoangukia katika mazungumzo, yalisaidia zaidi. Na Waingereza wengi hukejeli kwa uso mkavu na sauti ya kawaida kabisa, wakiwaachia wengine wagundue. Huo kwao ndio ufundi. Anayekonyeza huonekana ameharibu.

Dalili isiyotegemea sauti ni hii: tazama kama mtu anakubali kwa maneno yako mwenyewe. Dan Sperber wa Ufaransa na Deirdre Wilson wa Uingereza waliandika mwaka 1981 kwamba anayekejeli huwa anarudia kauli au tarajio la mtu mwingine ili kulionyesha kuwa halina maana. Asubuhi uliandika "This will only take five minutes." Saa nane mchana bado mnahangaika na kazi hiyohiyo, na mwenzako anasema, "Yes, five minutes." Hayo maneno ni yako, yamerudishwa kwako kama mashtaka. Jibu la kufaa ni kukiri na kusonga mbele: "I know, I was wrong about that. Should we stop?"

Kwenye maandishi

Hapa ushauri wangu ni mkali: usikejeli kwa maandishi kwa mtu ambaye hujawahi kucheka naye ana kwa ana. Justin Kruger, Nicholas Epley na wenzao walichapisha mwaka 2005 majaribio ambayo watu waliandikiana kwa barua pepe, baadhi ya sentensi zikiwa za dhati na nyingine za kejeli. Waandikaji walikuwa na hakika kwamba wangeeleweka. Wasomaji walipatia kwa zaidi kidogo ya nusu, yaani si mbali na kubahatisha. Mwandishi husikia sauti yake kichwani wakati anaandika. Msomaji hana sauti hiyo. Tatizo lenyewe ni la zamani kama ujumbe wa kompyuta. Scott Fahlman wa Carnegie Mellon, kule Pittsburgh, alipendekeza tarehe 19 Septemba 1982 alama ya nukta mbili, kistari na mabano kuwa ya kuonyesha utani, kwa sababu watu walikuwa wakigombana juu ya mizaha isiyoeleweka.

Nukta nayo ina siri. Celia Klin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Binghamton, jimbo la New York, walionyesha mwaka 2015 kwamba jibu la neno moja kwenye ujumbe wa simu likifungwa kwa nukta huonekana kuwa na udhati mdogo kuliko lisilo na nukta. Kwenye vijibarua vya mkono tofauti hiyo haikuonekana. Kwa hiyo "Fine." kwenye simu inaweza kuwa hasira, ilhali katika barua pepe rasmi nukta ni nukta tu. Ukiandikiana na vijana wa Marekani, "Sure!" ni salama kuliko "Sure." na "Sounds good, see you at three" ni salama kuliko zote mbili.

Ofisini kwetu tunaandika "Noted with thanks," na hapa Afrika Mashariki ni adabu kamili. Mgeni anaweza kuiona baridi kidogo, hasa ikibaki "Noted." peke yake chini ya barua ndefu aliyoihangaikia. Ongeza kitu kimoja alichokisema: "Thank you, noted. I'll change the delivery date to the 14th." Sekunde kumi za kuandika zinakuokoa na wiki ya kudhaniwa una kinyongo.

Ukitaka kukejeli na wewe

Si kila kejeli ni uadui. Waingereza hasa huitumia kujenga urafiki, na anayeipokea kwa uso wa msiba hubaki nje ya duara. Mvua inanyesha London, mko mlangoni, mwenzako anasema, "Lovely weather." Usimsahihishe kwamba inanyesha. Amekukaribisha. Jibu "Gorgeous, isn't it?" na umeshakuwa mwenyeji. Vilevile Mmarekani ukimuuliza habari za kazi akasema "Living the dream," usimpongeze, mwambie "Same here." Hapa kukubali kwa kejeli ndiko kukubali kwa dhati, na wote mnajua.

Sheria zangu kwa anayeanza ni chache. Kejeli mashine, hali ya hewa, foleni, na wewe mwenyewe. "Oh great, the printer again" haimuumizi mtu. Usimkejeli aliye juu yako wala aliye chini yako kazini: wa juu ataona ukosefu wa adabu, na wa chini hawezi kukurudishia. Usikejeli kosa ambalo mtu bado analionea aibu. Na katika usaili, ubalozini, kwa daktari au mbele ya afisa wa uhamiaji, sahau kwamba kejeli ipo. Hao huandika ulichosema, na sauti haiandikwi.

Na ukibaki njia panda? Umepokea "Great, thanks." kutoka kwa bosi na huelewi kama amefurahi au amekasirika. Usimuulize kama anakukejeli. Akiwa alisema kwa dhati utakuwa umemtukana, na akiwa alikejeli atakana. Jibu kana kwamba ni dhati, kisha weka swali linalohusu kazi: "You're welcome. Is there anything you'd like me to change before it goes out?" Mwenye dhati atasema hapana, imekaa vizuri. Mwenye dukuduku amepewa nafasi ya kulitoa, naye kwa kawaida hulitoa.